Nahodha, huyu tumkimbize au tumshughulikie hapa hapa?

Ukishika usukani wa boti Lamu, iwe yako au ya mwenzio, utabeba mgonjwa. Huna sare wala king'ora, lakini mlango ukigongwa usiku wa manane na sauti ikasema "nahodha, amka, tuna mgonjwa," basi ambulensi ni wewe. Boti rasmi za wagonjwa zipo, na ikipatikana mojawapo karibu, mpishe. Ila ukiwa Kizingitini, Siyu, Ndau au Kiwayu, kinachoondoka ni chombo kilicho tayari, na mara nyingi ni kile kilichopakua samaki asubuhi na bado kinanuka.

Mimi ni mzaliwa wa Faza, kazi yangu boti ya faiba, injini ya nguvu farasi 40. Sikusomea udaktari. Nimefundishwa huduma ya kwanza, na nina abiria wangu mmoja, daktari kijana, ambaye kila akivuka hunisomea tafiti za dharura kwenye simu yake mpaka mtandao unapokatika. Nami swali langu huwa lile lile: "Hiyo itanifaa nini mimi niliye na ndoo na kikoi tu?" Akikosa jibu tunageukia mambo ya mpira. Haya hapa chini ndiyo yaliyobaki baada ya kuchuja.

La kwanza, ambalo naona wenzangu wengi hatulishiki: kabla ya kuvuta kamba ya injini, amua huyu ni mgonjwa wa aina gani. Kuna wa kukimbizwa, kila dakika ya kusimama inamla. Kuna ambaye ukimkimbiza kabla hujamshughulikia, utafika jeti, yaani gati la kushukia, na maiti. Sisi tuna tabia ya kuwakimbiza wote, tena kwa moto wote wa injini, huku jamaa wanapiga kelele "ongeza, ongeza!"

Aliyezama

Huyu hakimbizwi. Anashughulikiwa pale pale alipotolewa majini, mchangani au sakafuni mwa boti.

Kwetu mtoto akitolewa majini, kabla hujafika utakuta mtu ameshamning'iniza kichwa chini, au amemlaza juu ya tumbo la mtumbwi na kumkandamiza mgongo maji yatoke. Maji yanatoka kweli, na watu wanafurahi. Lakini hayo ni ya tumboni. Yale ya mapafuni huwa machache kuliko tunavyodhani na hayamwagiki kwa kuning'inizwa. Kibaya zaidi, hicho kinachopanda kutoka tumboni, pamoja na wali wa mchana, ndicho kinachoteleza na kuingia kwenye njia ya hewa. Na muda wote huo mtoto hajavuta pumzi hata moja.

Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa. Pumzi ndiyo inayotangulia kusimama, moyo unaendelea kidogo peke yake, kisha nao unakata. Daktari wa Brazili, Szpilman, alichapisha mwaka 1997 hesabu ya watu 1,831 waliozama katika fukwe za Rio de Janeiro. Waliotolewa pumzi imesimama lakini moyo bado unapiga, walikufa 44 katika kila 100. Waliotolewa moyo nao umeshasimama, walikufa 93. Hapo katikati pana dakika chache tu, na ndizo tunazozimaliza kwa kuning'iniza watu.

Ndiyo maana miongozo mipya imekaza neno: kwa aliyezama, pumzi kwanza. Wamarekani katika mwongozo wao wa 2024 wanasema anza na pumzi mbili. Ulaya wanasema tano. Mimi nafuata tano, kwa sababu botini, mikono ikiwa imelowa na chombo kinayumba, mbili za mwanzo mara nyingi huvujia pembeni. Zile video za simu zinazofundisha kukanda kifua peke yake bila kupuliza zilikusudiwa mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa moyo. Huyo damu yake bado ina hewa. Aliyezama hana.

Fanya hivi. Mlaze chali mahali pagumu na palipo sawa. Ondoa nyavu, maboya na godoro chini yake, maana vikibaki, nguvu ya mikono yako inamezwa navyo. Weka kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono mwingine chini ya mfupa wa kidevu, rudisha kichwa nyuma taratibu. Bana pua, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, puliza kwa muda wa sekunde moja huku jicho lako liko kifuani. Kifua kikiinuka, pumzi imeingia. Kisipoinuka, rekebisha kichwa upulize tena. Mtoto mchanga funika mdomo na pua kwa pamoja, na pumzi iwe ya mashavu tu.

Mapovu yatatoka, meupe, pengine yenye wekundu, na yataendelea kutoka. Usikae unayafuta, puliza juu yake. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha kwa kidole na kitambaa, mrudishe, endelea.

Baada ya pumzi tano, kama hatikisiki wala havuti pumzi ya kawaida, anza kifua. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza sentimita 5 hadi 6 na uachie kifua kirudi chote. Mara 30, kisha pumzi 2, kisha 30. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, haraka kuliko mtu anavyodhani. Mtoto mdogo tumia mkono mmoja, na kina kiwe theluthi ya kifua chake. Badilishaneni kila baada ya dakika mbili. Mwenye misuli ya kuvuta nyavu naye huchoka, ila hatakwambia.

Kama mko baharini na lazima mje nchi kavu, mmoja ashike usukani, mwingine asiache kifua. Punguza moto. Boti ikiruka mawimbi, mikono inaachana na kifua na unachofanya ni kumpigapiga tu mtu. Najua jamaa watakulaumu kwa kwenda taratibu. Wakulaumu.

Swali ninaloulizwa barazani kila mara: na akiwa ni mwanamke, tena si maharimu wako? Ndugu yangu, aya ya Surat Al-Maida, ya anayeiokoa nafsi moja, tumeisoma sote chuoni tangu wadogo. Kinachowezekana ni kumsitiri. Kinamama wawili washike leso pande mbili, wewe endelea na kazi ndani yake. Na kama yupo mwanamke anayejua kupuliza, mpishe. Ndiyo sababu mafunzo haya yasiwe ya manahodha tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa waliokufa maji mwaka 2021 walikuwa 300,000, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huo anazama walipo mama na madada zake. Mimi niko mbali, baharini, na samaki wangu.

Akizinduka, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Sasa ndiyo wakati wa kumpeleka, hata kama amekaa na anaomba chai. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye, usiku, watu wamelala.

Mzee aliyeanguka ghafla barazani bila maji wala jeraha, hapo mambo yanageuka: kifua kwanza, mara moja, na usimnyanyue kumpeleka popote mpaka mikono iko kazini. Watu hunambia "lakini sisi hatuna zile dawa za kuamsha moyo." Uingereza waliipima hiyo adrenalini kwa watu 8,014, matokeo yakatoka 2018. Waliopewa walioishi mwezi mmoja walikuwa asilimia 3.2, wasiopewa 2.4. Kidogo imesaidia. Lakini ukihesabu waliorudi na ubongo mzima, haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Kwa hiyo usikae ukingoja sindano.

Anayevuja damu

Huyu ana hatua mbili: ziba, kisha kimbia. Kuziba ni dakika moja au mbili, siyo nusu saa.

Kwetu damu nyingi inatoka mahali patatu: propela, panga, na bodaboda za upande wa bara, Mokowe na Hindi. Dawa ya kwanza ni kubonyeza. Chukua kikoi safi au leso, ikunje iwe donge, iweke juu ya jeraha penyewe, elemea kwa uzito wa mwili. Usifunue kila mara kuangalia kama imeacha. Kama jeraha lina shimo, kwenye nyonga, kwapani au begani, kusukuma juu hakutoshi. Ingiza kitambaa ndani kwa kidole mpaka kijae, kiguse pale damu inapochirizika, ndipo uelemee. Atapiga kelele. Elemea.

Mkono au mguu ukivuja kwa kuruka, au umekatika, au umebonyeza na damu bado inapita, funga kifungo cha kukaza, yaani kitambaa kinachosokotwa kwa kijiti kubana kiungo juu ya jeraha. Zamani tulifundishwa kuwa ukifunga, mguu umeupoteza. Daktari Kragh na wenzake walifuatilia majeruhi wa hospitali ya kijeshi ya Marekani mjini Baghdad, na matokeo yao ya 2009 yakaifuta hofu hiyo: waliofungwa kabla ya kulegea kwa kukosa damu waliishi 90 katika kila 100, waliofungwa wameshalegea wakaishi 10. Na hakuna kiungo kilichokatwa kwa sababu ya kifungo chenyewe.

Kilicho bora ni kifungo cha kununua, chenye kijiti chake. Kama huna, tumia kitambaa chenye upana wa vidole vitatu. Kamba ya nailoni na mshipi wa kuvulia vitakata nyama bila kuzuia damu. Zungusha juu ya jeraha, upana wa kiganja kutoka kwenye jeraha kuelekea mwilini, kamwe usiweke juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo, weka kijiti imara, mpini wa mwiko unafaa, funga fundo la pili juu yake, kisha sokota mpaka damu ikome kabisa. Kusokota nusunusu ni kubaya kuliko kutofunga, kwa sababu unazuia damu inayorudi na kuiacha inayotoka. Kifunge kijiti kisifunguke. Kisha andika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu.

Saa hiyo ndiyo inayonisumbua mimi zaidi kuliko yote, kwa sababu ya umbali wetu. Mafundisho ya vifungo yalikua katika vita ambavyo helikopta ilifika upesi. Huko Ukraine, ambako helikopta hazirukiki na majeruhi wanakaa saa nyingi njiani, madaktari tangu 2022 wameanza kuona upande wa pili: vifungo vilivyowekwa pasipo haja, vikaachwa saa sita au zaidi, viungo vikafa na figo zikaumia. Mtu akitoka Kiunga, kule mpakani na Somalia, hali yake iko karibu na ya Ukraine kuliko ya Baghdad. Kwa hiyo, funga bila kusita penye haja, lakini usifunge kila jeraha linalotoka damu. Na kama safari itapita saa 2, pitia zahanati yoyote iliyo njiani, mhudumu aangalie kama jeraha linaweza kushikwa kwa kitambaa na shinikizo, kifungo kilegezwe chini ya macho yake. Wewe mwenyewe usikilegeze. Ile habari ya kulegeza kila robo saa ili mguu upumue, inamtoa mtu damu kwa awamu.

Sasa simu. Kuna dawa ambayo manesi wanaiita TXA, ya kusaidia damu kuganda. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo. Hesabu iliyofuata mwaka 2018, ya wagonjwa zaidi ya 40,000, ikaonyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa kama asilimia 10, na baada ya saa 3 faida haipo. Nikisikia hivyo nahesabu maji: mgonjwa ameumia saa kumi, maji yanakupwa, tutasubiri mpaka lini? Ndiyo maana unapiga simu kituo cha karibu kabla ya kupakia na kuuliza maswali mawili: mna TXA, na nani wa kuichoma sasa hivi? Mwaka 2021 watafiti waliwachoma majeruhi 30 dawa hiyo kwenye msuli badala ya mshipa, na ikafika damuni kwa dakika chache. Kwa zahanati isiyo na mkono mwepesi wa kutafuta mshipa gizani, hiyo si habari ndogo. Ila sindano ni ya mhudumu. Kazi yako ni kumwambia ajali ilitokea saa ngapi.

Damu ikiisha kuzibwa, kimbia, usisubiri chombo rasmi kama chako kipo. Mji wa Philadelphia, Marekani, polisi huwapakia waliopigwa risasi au visu kwenye gari lao na kwenda. Hesabu ya watu 4,122 iliyotolewa 2014 ilipolinganisha waliokuwa na hali sawa, waliobebwa na polisi hawakufa zaidi ya waliobebwa na ambulensi.

Mama aliyejifungua

Damu yake isipokoma, naye ni wa kushughulikia huku mnakwenda. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa 2023, ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Walipima damu kwa mfuko wenye alama badala ya kukisia kwa jicho, na ikizidi wakatoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo waanze jingine. Waliofikia hali mbaya ya kutokwa damu walipungua kwa asilimia 60.

Botini huna mfuko wala dawa, ila la kwanza katika matibabu yale ni mkono: kondo la nyuma likiwa limetoka, mkunga au mama anayemsindikiza asugue tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, mpaka mfuko wa uzazi uwe na ugumu wa embe bichi. Ukilegea, asugue tena. Akojoe, hata ni kwenye ndoo, kwa sababu kibofu kilichojaa kinauzuia mfuko kujikaza. Mtoto awekwe titi. Sisi wanaume tunaangalia mbele, lakini masikio yawe nyuma. Ukiambiwa leso ya pili imelowa, mpigie mhudumu papo hapo umwambie "leso mbili." Neno "damu nyingi" kila mtu analipima kivyake.

Aliyechomwa na mwiba wa taa, yule samaki bapa: maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili, mguu uzame humo kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, jaribu kwanza kwa mguu wako mwenyewe usimbabue. Umeingia tumboni au kifuani, usiuchomoe, kimbia. Nyoka: asitembee, kiungo kisitikiswe, usichanje, usinyonye, na kile kifungo nilichokisifu hapo juu kiache mfukoni. Kimbia.

Kupakia na kwenda

Mlaze katikati kuelekea tezi, nyuma ya boti. Omo, mbele, ndiko kunakopigwa na mawimbi. Asiyejitambua lakini anapumua, alazwe ubavu. Mjamzito ubavu wa kushoto. Aliyetokwa damu asilale kwenye maji ya sakafuni. Mwili ukipoa damu haigandi vizuri, na upepo wa kusi usiku unapoza mtu haraka. Chini turubai, juu turubai, katikati blanketi.

Mtu mmoja awe wa simu, na asiwe nahodha. Aseme kwa mpangilio: umri, kilichotokea na saa, anapumua au la, damu imekoma au la, tumefanya nini, tunashukia jeti gani na saa ngapi. Hapo kwenye jeti ndipo dakika nyingi hupotea Amu, yaani Lamu mjini. Magari hayapiti vichochoroni, kwa hiyo machela, mkokoteni au punda lazima awe amesimama kabla hujafunga kamba. Na kule maji yakitoka boti isipofika ufuoni, waambie mapema walete vijana wanne wa kubeba matopeni. Wawili hawatoshi kwa mtu mzima.

Mkebe wangu usiopitisha maji una kifungo kimoja cha kununua, leso mbili safi zilizokatwa vipande virefu, glavu, mkasi, blanketi, tochi ya kichwani, mwiko, na kalamu ya wino mzito. Kalamu ifunge kwa uzi kwenye mkebe, kwa sababu abiria huiazima kuandika namba za simu, na haijawahi kurudi yenyewe.